Migunga ya Njia ya Moyale

Ukitoka Nairobi alfajiri kwa matatu ya Nanyuki, itabidi uvumilie kabla ya kuiona migunga. Thika ni mananasi. Sagana hadi Karatina ni kahawa, migomba na vishamba vilivyobanana mpaka ukingoni mwa lami. Ni baada ya Naro Moru, Mlima Kenya ukiwa umekaa mkono wa kulia, ndipo mashamba yanapolegea, nyasi zinabadilika rangi, na mti mmoja mmoja wenye miiba unaanza kujitokeza kando ya seng'enge. Kufika Nanyuki, pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara na wauza vinyago wanapopata riziki yao kwa mstari huo, umeshaingia katika nchi yake.

Nilinuia kuifuata barabara hiyo ya Moyale mpaka ng'ambo ya Isiolo, nikiwa na swali moja. Mgunga ni chakula cha karibu kila kiumbe wa nyika: twiga, ndovu, faru mweusi, ngamia, mbuzi, tumbili, mbawakawa na fukusi. Binadamu naye huchoma makaa yake, huchuna gome lake, hukwangua gundi yake na kukata matawi yake ya kuzungushia boma. Mti unaoliwa hivyo na kila apitaye umewezaje kuenea nchi kavu za bara hili, kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini? Niliwauliza wachungaji, nikasoma na waliyoandika watafiti, na majibu yao yalikutana mahali pamoja. Mgunga umefanya mapatano na wanaoula, na mapatano yakivunjika, mti ndio unaoumia.

Magharibi mwa Nanyuki uwanda wa Laikipia unatandazika juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha udongo huo huvimba na kunata, hata gari la magurudumu manne yanayovuta hukwama. Kiangazi kikija hupasuka nyufa ambazo mkono unazama mpaka kiwiko, na kila ufa unaofunguka hukata mizizi iliyopita hapo. Miti mingi hushindwa. Unaoweza ni mmoja, na karibu kila mti unaouona umesimama kwenye udongo ule ni huo huo. Wamaasai huuita eluai. Wataalamu waliuita Acacia drepanolobium, na tangu kongamano la mimea la Vienna mwaka 2005 lilipoamua jina Acacia libaki kwa jamaa zake wa Australia, vitabu vipya huuandika Vachellia drepanolobium. Mti wenyewe si mrefu. Mingi niliyoiona haikunizidi sana kimo. Miiba yake hutoka jozi jozi, myeupe, iliyonyooka, yenye urefu wa kidole. Baadhi ya jozi huvimba chini zikawa kifundo cha mviringo, cha zambarau kikiwa kichanga, cheusi na kigumu kikikomaa. Ndani ya kifundo ni tupu. Sisimizi hukitoboa na kuhamia humo pamoja na mayai na watoto wao, na upepo wa adhuhuri ukipita juu ya matundu yale, uwanda mzima hupiga mluzi.

Aliyenipeleka huko alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Mukogodo, ambaye kwa muda aliwahi kuajiriwa kuwahesabia watafiti sisimizi. Aliponiona na daftari akaanza kuniita mwalimu, na jina hilo likanikaa.

“Gusa tawi, mwalimu.”

Nililigusa kwa ncha ya kalamu. Sekunde chache baadaye sisimizi walikuwa wameshavuka kalamu na kufika kwenye vidole, matumbo wameyainua juu, wakiuma, na harufu kali ikipanda. Nilivyorudi nyuma nikakwaruzwa na mti wa pili. Kijana akacheka: “Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.” Kisha akanieleza kwamba hawa walikuwa Crematogaster mimosae, walinzi hodari na ndio walioshika sehemu kubwa ya miti ya uwanda. Hawangoji kuona adui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanahisi mtikisiko wa tawi linalotafunwa na mnyama, na wanautofautisha na mtikisiko wa upepo.

Ulinzi huo haupatikani bure. Vifundo ni nyumba, na kwenye vikonyo vya majani kuna tezi ndogo zinazotoa maji matamu, ndiyo posho. Tatizo la mwajiri huyu ni kwamba walinzi wanaogombea kazi ni wa aina nne, na tabia zao hazifanani. Wa pili, Crematogaster nigriceps, ni mkali pia, lakini hukata vichipukizi vya pembeni ili matawi yasigusane na mti wa jirani wenye jeshi lenye nguvu zaidi. Matokeo yake mti hautoi maua wala mbegu. Wa tatu, Tetraponera penzigi, huziharibu tezi za maji matamu ili mti usiwavutie wapinzani wake. Wa nne, Crematogaster sjostedti, havijali sana vifundo. Hukaa katika mashimo yaliyochimbwa na viluwiluwi vya mbawakawa ndani ya shina, na kwa hiyo mbawakawa wakiushambulia mti yeye hana haraka ya kuwafukuza. Koloni mbili zikikutana matawi yanapogusana hupigana, na asubuhi chini ya mti huwa pametapakaa maiti. Kijana alizihesabu sana maiti hizo enzi zake. Alisema mgongo ulimuuma kuliko miiba.

Nilidhani mti wenye bahati ni ule unaokaliwa na mlinzi mwema tangu utoto hadi uzee. Hesabu za mtafiti Todd Palmer na wenzake, waliozitoa mwaka 2010, zinasema vingine. Mti huishi miaka mingi na hubadilisha wakazi mara kadhaa, na unaopitia mikono ya aina mbalimbali, pamoja na wale wavivu na wale wanaougeuza tasa kwa muda, huishia kuzaa zaidi katika maisha yake yote. Mlinzi ghali ana faida mti ukiwa mdogo na hatari ni nyingi; mlinzi asiyedai kitu anafaa wakati mwingine. Ndivyo alivyo mtu anayebadilisha wafanyakazi wa duka kadiri biashara inavyokua.

Jirani na tulipokuwa, kwenye ardhi ya kituo cha utafiti cha Mpala, kuna nyua ambazo mtaalamu Truman Young na wenzake walizianzisha mwaka 1995. Baadhi huwazuia ndovu na twiga peke yao, nyingine huwazuia wanyamapori wote wakubwa, nyingine ng'ombe, na nyingine huachwa wazi ili kulinganisha. Mtu yeyote angetegemea kwamba mgunga uliopumzishwa na midomo ya wanyama utanawiri. Mwaka 2008, katika jarida la Science, Palmer na wenzake walieleza kilichotokea baada ya miaka kumi hivi bila wanyama wakubwa. Miti ilipunguza posho: vifundo vichache zaidi, maji matamu kidogo zaidi. Walinzi hodari, wakiwa na njaa, wakadhoofika, na sjostedti akachukua nafasi zao. Mbawakawa wakaongezeka. Miti iliyofungiwa ndani ya ua ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile ya nje inayotafunwa kila siku na twiga.

Miiba nayo inafuata kanuni hiyo. Matawi ya juu ambayo twiga hayafikii huota miiba mifupi, na tawi lililokingwa lisiliwe hupunguza urefu wa miiba inayofuata. Mti unatengeneza silaha kwa kipimo cha vita vilivyopo.

Kwa ndovu, mwiba si kitu. Mdomo wake unatafuna matawi yenye miiba bila taabu. Kinachomshinda ni sisimizi anayeingia mkongani, ambako ngozi ni laini. Jacob Goheen na Palmer waliwapima ndovu wachanga wa kituo cha yatima huko Tsavo: matawi ya eluai yaliyoondolewa sisimizi waliyala kwa hamu, na matawi ya mgunga mwingine, Acacia mellifera, ambayo kwa kawaida wanayapenda, waliyakataa yalipowekewa sisimizi. Mnyama mzito kuliko wote wa nchi kavu anarudishwa nyuma na mdudu wa miligramu chache, na ndiyo maana picha za setilaiti na macho ya wachungaji yanashuhudia nyika za udongo mweusi zikibaki na miti yake hata ndovu walipoongezeka.

Mapatano hayo sasa yameingiliwa na mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisimizi wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, mwenye asili ya visiwa vya Bahari ya Hindi na aliyeenea duniani pamoja na mizigo ya watu, alifika Laikipia. Yeye hakai mtini. Hukaa ardhini, hupanda, huwaua walinzi, hula mayai na watoto wao, kisha huuacha mti mtupu. Kijana alinipeleka penye mpaka wa uvamizi. Upande mmoja kichaka ni kizito. Upande wa pili matawi yamevunjwa, mashina yamelazwa, na mtu anaona mbali. Watafiti walipima kwamba ndovu huvunja miti ya upande uliovamiwa mara tano hadi saba zaidi.

Mkenya Douglas Kamaru na wenzake waliufuata mnyororo huo mpaka mwisho, na matokeo yao yalitoka katika Science mwaka 2024. Simba wa hifadhi ya Ol Pejeta humvizia pundamilia kwa kujificha nyuma ya migunga. Mahali palipobaki wazi pundamilia humwona mapema. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao mwanzo hawakuwamo kabisa katika hesabu, nao walifikia asilimia 42. Idadi ya simba haikuporomoka, ila sasa wanamkabili mnyama anayeweza kuwaua. Yote haya kwa sababu ya mdudu anayeingia ndani ya kiatu bila mtu kujua.

“Ng'ombe wetu hawajali sisimizi gani yuko mtini,” kijana alisema tulipokuwa tukirudi garini. “Wanajali nyasi. Lakini mti ukilala, kivuli hakuna, na nyasi nzuri ziko kivulini.”

Alikuwa sahihi kwa sababu za kikemia. Migunga ni jamaa ya kunde. Kwenye mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, na majani yanapoanguka mbolea hiyo hufika juu. Ongeza samadi ya wanyama wanaojipumzisha hapo, na nyasi za chini ya mgunga mkubwa huwa na lishe kuliko za uwandani.

Kabla ya kuachana naye tulipita Dol Dol, tukaingia kibanda cha supu. Hapo nikakutana na mgunga wa pili wa safari, olkiloriti, ambao wataalamu wanaujua kama Acacia nilotica. Gome lake lilikuwa limechemshwa na mifupa ya mbuzi mpaka mchuzi ukawa mwekundu wa kahawia. Wazee waliokaa kwenye benchi walisema nyama nyingi bila olkiloriti hukaa tumboni, na kwamba morani anayekwenda porini kula nyama hawezi kuusahau. Supu ilikuwa nzito, chungu kidogo mwishoni, na ilikausha ulimi. Ukavu huo ndio niliousikia mapema pia nilipotafuna jani la eluai, na ndio wa chai iliyochemka kupita kiasi.

Kinachokausha ulimi ni tanini, molekuli ambazo mimea hutengeneza kwa wingi na ambazo hung'ang'ania protini. Ukitafuna jani, tanini inazikamata protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na ulimi unakwaruza. Jani likifika tumboni, tanini inazishika protini za chakula na vimeng'enya vya kusaga, na mnyama anapata faida ndogo kuliko aliyotafuna. Ng'ombe huathirika zaidi. Mbuzi hustahimili vizuri, na ndiyo maana katika nchi ya migunga mbuzi hunona mahali ng'ombe anakonda. Lakini mtu aliigeuza silaha hiyo kuwa zana. Ngozi mbichi ni protini, kolajeni kwa jina lake, na ukiiloweka katika maji ya gome au maganda ya olkiloriti, tanini inaishika kolajeni, inaondoa maji, na bakteria wa kuozesha hawapati pa kuanzia. Sudan maganda hayo huitwa garad na yametumika kwa karne nyingi kutengenezea ngozi. Kiatu cha ngozi kilichotengenezwa hivyo hudumu kwa sababu ile ile iliyomfanya mnyama aache jani.

Kutoka Nanyuki kwenda Isiolo barabara hupanda kwanza, inapita mashamba ya ngano na maua ya Timau penye baridi ya kuvaa koti, kisha ghafla inateremka. Ndani ya muda mfupi koti linavuliwa, madirisha yanafunguliwa, na nyika ya kaskazini inatandazika chini mpaka upeo. Isiolo ni mji wa njia panda. Wameru, Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu wote wana soko hapo, na maziwa ya ngamia husafiri kwa madumu ya manjano kwenda Nairobi.

Nyuma ya soko nilimkuta mama wa Kisomali amekaa kwenye mkeka, mbele yake kilima cha madonge ya rangi ya kaharabu. Ilikuwa gundi ya kikwata, mgunga ambao dunia inaujua zaidi kwa jina Acacia senegal. Kikwata si mkubwa. Miiba yake imepinda, na hutoka mitatu mitatu: miwili inaelekea juu, wa katikati unaelekea chini, na kwa hiyo nguo ikishikwa haitoki kwa kuvutwa upande wowote. Mama alikuwa akichambua kwa mikono miwili bila kuangalia, huku akinipimia kwa macho kama nilikuwa mnunuzi.

“Karibu, ndugu. Hii safi,” alisema akinipa donge, “na hii wamenichanganyia.”

Sikuona tofauti. Alilivunja la pili kwa meno, akalitema. “Ni ya mgunga mwingine. Haiyeyuki vizuri. Nikiipeleka Nairobi hivi, gunia zima linashushwa bei.”

Huko ndiko tatizo la gundi ya Kenya lilipo. Mti haujapandwa wala hauna mwenyewe maalumu. Wachungaji, hasa wanawake na watoto, huokota gundi wakati wa kiangazi wakiwa nyuma ya mifugo, kutoka kwenye nyufa zilizojitokeza zenyewe au majeraha ya wadudu na wanyama, na madonge ya miti tofauti hukutana katika mfuko mmoja. Kordofan, huko Sudan, wakulima huchubua gome kwa makusudi baada ya mvua kwisha, kisha hurudi kuvuna kwenye mti ule ule mara kadhaa katika msimu. Sudan ndiyo imekuwa muuzaji mkuu wa dunia kwa muda mrefu, na uzito wake unaonekana katika jambo moja: Marekani ilipoiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi hii ilipewa msamaha. Vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimewafanya wanunuzi wengi wageukie nchi nyingine, na mama yule alijua habari hizo kuliko mimi. Alinieleza kuhusu El Obeid, mji wa soko la gundi huko Kordofan, kwa ufasaha wa mtu ambaye bei yake inategemea mji huo.

Gundi ni jeraha lililozibwa. Gome likipasuka wakati wa ukame na joto, mti hutoa utomvu unaokauka na kulifunga kovu. Sehemu kubwa ya utomvu huo ni sukari zilizoungana katika minyororo yenye matawi mengi: galaktosi, arabinosi, ramnosi na asidi ya glukuroniki. Ndani yake kuna protini kidogo, takriban asilimia 2, na hiyo kidogo ndiyo inayouzwa ghali. Mafuta na maji havipatani, lakini protini ya gundi hushika tone la mafuta, na sukari zilizoshikamana nayo hubaki zikipenda maji. Tone linavikwa koti, halikutani na wenzake, halipandi juu. Mafuta ya limau na viungo vinavyoipa soda ladha yake hukaa yameenea ndani ya chupa kwa sababu hiyo. Kwenye lebo za vyakula huandikwa E414. Gundi hiyo hiyo ndiyo iliyoshikilia masizi katika wino wa waandishi wa kale wa Misri na nchi za Kiarabu, na hushikilia rangi za maji za wachoraji mpaka leo. Zaidi ya hapo, huyeyuka kwa wingi katika maji bila kuyafanya mazito sana, jambo ambalo gundi chache za mimea zinaweza.

Nilimuuliza mama kama yeye mwenyewe huila. Alicheka. Watoto wote wa nyika huitafuna, alisema, na nyani pia, na wale wadogo wenye macho makubwa ya usiku, komba. Akanipa donge lingine la kutafuna njiani na kunitoza pesa yake.

Nje ya mji, kando ya lami, magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa yakisubiri malori. Makaa ya mgunga yanasifiwa kwa kudumu na kutotoa moshi mwingi. Mbao zake ni nzito. Mti wa kikwata unaweza kutoa gundi msimu baada ya msimu, na gunia la makaa ni la mara moja, lakini anayechoma makaa anapata pesa wiki hii, ilhali anayengoja gundi anangoja jua, ufa na mnunuzi. Eluai ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, na huko Laikipia watafiti wamependekeza ukatwaji wa zamu kwa vipindi vya zaidi ya miaka kumi ili mashina yarudie unene wake. Hesabu hiyo inataka mtu mwenye uhakika kwamba miaka kumi baadaye mti bado utakuwa wake.

Kaskazini zaidi, baada ya Archers Post na daraja la Ewaso Nyiro, migunga inakuwa mikubwa. Hii ni ile ya mwavuli, Acacia tortilis, ambayo kila kalenda ya utalii inaijua. Nilimkuta mzee wa Kisamburu kando ya lugga, mto wa mchanga, akiwa na fimbo ndefu yenye ndoano. Alikuwa akilitikisa tawi moja, maganda yaliyojisokota yakimwagika, na mbuzi wakikimbilia kwa kelele. Hakulikata tawi. Nilipomwamkia na kumwuliza kwa nini, aliniambia maganda ya mwakani yanatoka kwenye tawi la mwaka huu.

Maganda hayo huanguka wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, na yana protini nyingi. Waturkana, magharibi mwa hapo, wameyathamini kiasi cha kuwa na haki za kurithi juu ya mistari ya migunga kandokando ya mto. Mstari wa namna hiyo huitwa ekwar; kila familia ina wake, na mtu wa nje haokoti bila ruhusa. Mti nao una hesabu yake katika karamu hiyo. Fukusi hutaga kwenye maganda, viluwiluwi vikala mbegu kutoka ndani, na ganda likikaa chini ya mti mama muda mrefu mbegu nyingi huharibika. Mbuzi, swala au ndovu akiyala mapema, tumbo huua sehemu ya viluwiluwi, hulainisha ganda gumu la mbegu, na kuitoa mbali pamoja na samadi.

Mzee alinionyesha duara la migunga michanga, yenye kimo kinachokaribiana, katikati ya ardhi iliyokuwa karibu tupu.

“Nani alipanda hii, mzee?”

“Mbuzi wa baba yangu. Hapo palikuwa boma.”

Watafiti Robin Reid na James Ellis walieleza jambo hilo mwaka 1995 walipochunguza Turkana kusini. Usiku mbuzi hulala ndani ya boma, mbegu walizokula huangukia kwenye rundo la samadi, familia ikihama mvua hukuta mbegu, mbolea na unyevu pamoja, na msitu mdogo huota palipokuwa na watu. Mchungaji aliyelaumiwa miaka mingi kwamba mbuzi wake wanageuza nchi jangwa alikuwa, bila cheti wala bajeti, akipanda miti.

Nilimwambia mzee kuhusu nyua za Laikipia, na kwamba kuna watu wanaotaka kuzungushia seng'enge migunga ili kuiokoa. Alifikiri kidogo, kisha akauliza mbuzi atapitia wapi. Nilipomwuliza kama basi mbuzi waachwe kila mahali siku zote, alikataa vilevile. Duara lile, alisema, liliota kwa sababu baba yake alihama. Angebaki, miche yote ingeliwa ikiwa na majani mawili.

Hilo ndilo nililoliona njia nzima, kwa ndovu, kwa twiga, kwa mvuna gundi na kwa mbuzi: mgunga unamudu kila anayekula na kwenda zake, na unapungukiwa asipokuja mtu wa kuula. Kinachoukalia vibaya ni mlaji asiyeondoka. Vijiji vinavyokua kuzunguka visima na lami mpya hubaki na mifugo mahali pamoja mwaka mzima, ndovu waliozungukiwa na seng'enge hurudi kwenye mti ule ule, na shoka la makaa hufuata barabara kwa sababu malori hufuata barabara. Serikali za kaunti zikitaka kuitunza migunga ya kaskazini, kazi ya kwanza ni kulinda njia za kuhamahama na haki za kurithi juu ya miti, kabla ya kununua mche mmoja. Wa kuipanda wapo tayari, na mzee yule alikuwa akiwaswaga kurudi bomani jua likishuka.